Kumwandaa stajeri kwa darasa lenye watoto wa kila aina: tubadilishe nini kwanza?

Didaktiki_Kampemba aliuliza:

Jambo yenu wote. Nafundisha didaktiki kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa ualimu hapa Lubumbashi. Ninao stajeri 24. Wanaenda staji (mazoezi ya kufundisha) ya wiki sita katika shule za msingi za Katuba, Kenya na Ruashi, komini za mji wetu. Kabla ya hapo tunafanya masomo ya kritiki (mmoja anafundisha, wengine wanatazama na kutoa maoni) mara moja kwa wiki, saa mbili kila mara.

Shida ni hii. Fishi zao (karatasi za mpango wa somo) ni safi: marudio, motisha, tangazo la somo, uchambuzi, muhtasari, zoezi. Ubao umepangwa, sauti inasikika. Lakini wakiingia darasa la tatu lenye watoto 70, somo linakwenda na wale kumi na watano wa mbele, wengine wanaitikia kwa kwaya tu. Tangu shule za msingi za umma zifanywe bure Septemba 2019, benchi moja linaweza kuwa na mtoto wa miaka 8 na mwingine wa miaka 13. Nyumbani huyu anaongea Kibemba, yule Kiluba, yule Tshiluba, wengi Kiswahili chetu cha Lubumbashi, wachache Kifaransa. Na yuko asiyeona ubao vizuri, hakuna aliyegundua.

Tumependekezewa kuongeza kozi ya elimu jumuishi ya saa 30. Nina mashaka nayo. Je, tuongeze kozi, au tubadilishe mazoezi yenyewe? Na suala la lugha tulishike vipi? Naomba majibu ya kazi, si ya mkutano.

---

Yaya_wa_Mazoezi alijibu:

Mwalimu, usiongeze kozi. Saa 30 za maelezo zitampa stajeri maneno ya kuandika kwenye mtihani, kisha ataingia darasani na fishi ile ile. Kinachokosekana ni jicho la kuona nani hafuati, na mkono wa kufanya kitu dakika hiyo hiyo. Hayo hupatikana kwa mazoezi, na saa za kritiki tayari unazo.

Anza na karatasi ya kritiki. Leo watu 23 wanamtazama mmoja na kuandika "alisimama vizuri, alisahau zana". Geuza macho yao yaende kwa watoto. Kila mtazamaji apewe watoto watatu kwa viti vyao: mmoja wa mbele, mmoja wa katikati, mmoja wa nyuma kabisa au wa kando ya ukuta. Mwalimu wa darasa asiwachague yeye, kwa sababu atakupa wale anaojivunia. Kila dakika mbili mtazamaji aweke alama moja kwa kila mtoto: K anafanya kazi, N anangoja, J ananakili kwa jirani, X anafanya jingine. Somo la dakika 30 linatoa alama 15 kwa mtoto. Mwisho aandike, kama lilivyo na makosa yake, jibu ambalo kila mtoto ameandika kwenye daftari wakati wa zoezi.

Mkikaa kwa kritiki, kila mtu asome mistari yake mitatu bila kuhukumu. Ikionekana watoto wa nyuma wana N na J tangu dakika ya 12, ndipo muulizane dakika ya 12 ilitokea nini. Mara nyingi ni pale maelezo yalipohamia Kifaransa tupu, au pale mwalimu alipoanza kuuliza walioinua mkono tu. Walimu wa Japani wana desturi ya zamani ya namna hii, waiita jugyō kenkyū: kundi linatayarisha somo moja pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanatazama watoto, kisha somo linarekebishwa na kurudiwa darasa jingine. Kule kurudia ndiko kwenye faida, na ndiko watu wanakoacha wakisema muda umekwisha.

Jambo la pili ni somo dogo, lile lililoanzia Chuo Kikuu cha Stanford mwanzoni mwa miaka ya 1960. Stajeri anafundisha watoto 6 kwa dakika 7, ustadi mmoja tu. Dakika 8 za maoni. Dakika 15 za kurekebisha fishi. Dakika 7 za kufundisha tena, watoto wengine 6. Pamoja na kuhamahama ni dakika 40, kwa hiyo katika saa zako mbili kila kona (pahali pa stajeri mmoja na watoto 6) inapitisha watu watatu. Ukiwa na kona nne na watoto 24 (makundi yanabadilishana kona kwa mzunguko wa pili), unapitisha stajeri 12 kwa wiki, wote 24 kwa wiki mbili. Wiki kumi zinakupa stadi tano.

Kwangu mimi stadi hizo zingekuwa hizi, na kwa utaratibu huu: kuuliza kisha kungoja, kupata jibu la kila mtoto kwa ardwazi (kibao kidogo cha kuandikia), kueleza jambo moja kwa neno, kwa kitu na kwa kitendo, kutoa zoezi lenye ngazi mbili, kusahihisha kosa bila kumwaibisha aliyekosea. Kungoja kunaonekana kitu kidogo, lakini Mary Budd Rowe alipopima huko Marekani miaka ya 1970 alikuta walimu wengi wanangoja kama sekunde moja tu baada ya swali. Wakifikisha tatu, majibu yanarefuka na watoto walionyamaza wanaanza kusema. Mtoto anayetafsiri kichwani kutoka Kibemba anahitaji hata tano. Stajeri ahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo mpaka azoee.

Mambo matatu huharibu mazoezi haya. Kutumia stajeri wenzao kama "wanafunzi": mtu mzima anayejifanya mtoto hakosei kama mtoto. Kurudia kwa watoto wale wale: tayari wanajua jibu, kila mtu anatoka amefurahi bure. Na kutoa maoni kumi kwa pamoja: toa moja, linalohusu ustadi wa wiki hiyo, basi.

---

Herufi_na_Lugha alijibu:

Naunga mkono hayo ya Yaya. Mimi niongeze upande wa lugha, maana ndipo watoto wengi wanapohesabiwa wajinga bila kosa.

Sheria-mfumo 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa na lugha za mazingira kutumiwa kufundishia na kufundishwa kama somo. Na Kongo ilikuwa kati ya nchi nane za kwanza za mpango wa ELAN, unaoanza kusoma kwa lugha ya mtoto kabla ya Kifaransa. Kwa hiyo stajeri asiogope enspekteri akisikika anaeleza kwa Kiswahili darasa la pili. Aogope kueleza bila mpango, nusu sentensi huku na nusu kule, mtoto asijue lipi ni somo na lipi ni ufafanuzi.

Lakini Kiswahili kipi? Kitabu kimeandikwa *watoto, siku, rafiki, kuzaa*. Mtoto wa Katuba anasema *batoto, shiku, lafiki, kuzala*. Tena hayo si makosa ya ovyo, yana kanuni. Katika Kibemba na Tshiluba, *s* mbele ya *i* hutamkwa *sh*. Herufi *r* haina nafasi katika Kibemba, Kiluba wala Tshiluba, kwa hiyo mtoto anaposoma *rafiki* sikio lake linampa *lafiki*. Katika Tshiluba *l* hugeuka *d* mbele ya *i*. Stajeri asiyejua haya ataandika kwenye ripoti "hajui kusoma". Mtoto amesoma vizuri sana: ameiona herufi, ameitambua, ameitamka kwa ulimi wa kwao.

Zoezi la kumpa stajeri: chukua madaftari 20 ya imla. Apange makosa katika mafungu matatu. La kwanza, kosa la ulimi (*shikia* badala ya *sikia*). La pili, kosa la herufi (*dada* badala ya *baba*, amegeuza b). La tatu, neno limekosa silabi nzima. La ulimi hutibiwa kwa kusikiliza jozi za maneno, dakika tatu kwa siku, *kula* na *kura*, *lia* na *ria*, bila kuondoa alama kwenye kusoma. La herufi hutibiwa kwa mkono: kuandika hewani, kisha mchangani, kisha kwenye ardwazi. Silabi zikikosekana, mtoto apige makofi silabi kabla ya kuandika. Dawa moja kwa mafungu yote matatu haifanyi kazi, na ndiyo tunayotoa kila siku tunaposema "andika neno hili mara kumi".

Kisha kuna daraja la kwenda Kifaransa. Herufi nyingi zinavuka bila taabu: *a, i, o, m, l, t, b, k, f, p*. Za hatari ni chache na stajeri azijue kwa moyo. *u* ya Kiswahili huandikwa *ou* kwa Kifaransa, na *u* ya Kifaransa ni sauti mpya kabisa. *sh* yetu ni *ch* yao. *ch* yetu ni *tch*. *ny* ni *gn*. *j* inalainika. *h* inanyamaza. *e* yetu iko karibu na *é*, na herufi za mwisho wa neno mara nyingi hazisomwi. Anza kwa sauti ambayo mtoto tayari anayo: "sauti hii unaijua, kwa Kifaransa inaandikwa hivi", *ou* kabla ya *u*. Usifundishe *ch* ya Kifaransa wiki ile ile mnayosoma *ch* ya Kiswahili. Sauti za puani, *an, on, in*, ziache mwisho, kwa kuwa hazina pa kushikia kwenye Kiswahili.

Kwa hesabu, mpangilio ni tofauti kidogo. *Kumi na moja, kumi na mbili* inaonyesha yenyewe makumi na mamoja. *Onze, douze, seize* inaficha. Fundisha makumi na mamoja kwa Kiswahili na vijiti (fungu la kumi limefungwa kamba), halafu ndiyo uvalishe maneno ya Kifaransa. Bahati yetu Kongo tunasema *septante* na *nonante*, kunabaki *quatre-vingts* peke yake kuwasumbua. Ila stajeri asidhani kila mtoto anahesabu kwa Kiswahili: wengi wanaouza maji au karanga wanajua bei kwa Kifaransa. Aulize kwanza.

---

Didaktiki_Kampemba:

Asanteni sana. Karatasi ya K-N-J-X nitaianza mara moja. Swali la nyongeza: katika darasa la nne hadi la tano wako watoto ambao hawatambui hata herufi. Stajeri anaambiwa afuate programu ya mwaka. Afanyeje? Na tunaweza kuwatumia watoto wanaojua lugha mbili kuwatafsiria wenzao?

---

Ngazi_kwa_Ngazi alijibu:

Kwa hao wasiotambua herufi, programu ya mwaka haitawafikia hata ukiifundisha vizuri namna gani. Njia iliyopimwa sana ni ile ya shirika la Pratham la India: kwa saa moja ya siku unawapanga watoto kwa kiwango chao cha kusoma, si kwa darasa wala umri. Jirani zetu Zambia wanaifanya katika darasa la 3 hadi la 5, wakaiita Catch Up.

Kipimo ni karatasi moja yenye sehemu nne: herufi, maneno mafupi ya silabi mbili, aya ya sentensi nne rahisi, na hadithi ya sentensi kama nane hadi kumi. Mtoto anaanza na aya. Akiisoma kwa mtiririko na makosa yasiyozidi matatu, apewe hadithi. Akishindwa, ashuke kwenye maneno: achague matano, akipata manne yuko kiwango cha maneno. Akishindwa, herufi tano, sahihi nne. Chini ya hapo ni mwanzo. Kila mtoto asome peke yake, mbali na wenzake, kwa sababu wengi wamekariri kwa kusikia. Weka dakika 4 kwa mtoto: watoto 70 ni dakika 280, stajeri wawili wanamaliza kwa saa mbili na dakika 20 kila mmoja. Kwa hiyo siku ya kwanza na ya pili ya staji zinatosha, na stajeri anajua darasa kuliko mtu yeyote.

Halafu direkta (mkuu wa shule) akubali madarasa matatu yawe na saa ya kusoma kwa wakati mmoja. Walimu watatu na stajeri watatu, makundi sita. Shule yenye zamu mbili itafute saa ambayo madarasa hayo matatu yako zamu moja, la sivyo mpango unakufa wiki ya pili. Kundi la herufi linafanya kazi na chati ya silabi (*ma me mi mo mu*), kadi na mchezo wa kuruka silabi zilizoandikwa chini kwa chaki. Kundi la aya linasoma kwa kidole, linasimulia kwa lugha yoyote, linaandika sentensi mbili. Pima tena kila baada ya wiki mbili na uhamishe watu.

Hapo pa kuhamisha ndipo panapoharibika. Makundi yakikaa mwezi mzima bila kubadilika yanakuwa "kundi la wajinga", na mtoto wa miaka 13 aliyekaa na wadogo wa miaka 8 ataacha shule. Usiyape makundi namba wala jina la ndege mzuri na mbaya. Mkubwa apewe kazi ya heshima, agawe kadi, atunze saa, na maneno ya kusoma yawe ya dunia yake: *duka, simu, makala* (makaa), *bei*.

Kuhusu watoto wa kutafsiri, ninasema hapana kwa namna ilivyoulizwa. Mtoto mkalimani anapoteza somo lake mwenyewe, anapunguza maelezo, na aliyetafsiriwa anazoea kungoja. Tumia hivi: dakika mbili za kuongea wawili wawili kwa lugha yoyote baada ya swali gumu, kisha mmoja wao aseme jibu kwa lugha ya somo. Tofauti ni kwamba wote wawili wanafikiri.

---

Benchi_la_Mbele alijibu:

Mimi niguse macho na masikio tu, kwa kuwa mengine yamesemwa.

Kupima macho hakuhitaji mashine. Chora herufi E nyeusi yenye kimo cha milimita 17.5, mistari yake mitatu na nafasi zake mbili ziwe na unene sawa (milimita 3.5 kila moja). Mtoto asimame mita 6, nje kwenye kivuli chenye mwanga. Afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza. Geuza E mara tano, yeye aonyeshe kwa mkono miguu yake inaelekea wapi. Akikosa mara mbili au zaidi kwa jicho lolote, aandikiwe barua ya kwenda kituo cha afya na ahamishwe mbele siku hiyo hiyo. Stajeri asimwambie mzazi jina la ugonjwa. Aseme alichokiona, basi.

Masikio: simama urefu wa mkono nyuma ya mtoto, sikio jingine limezibwa kwa kidole, nong'ona maneno matatu anayoyajua, ayarudie. Tazama pia anayetoka usaha sikioni, anayegeuza kichwa upande mmoja, anayeanza kazi baada ya kuwachungulia wenzake. Kwa huyo, kosa kubwa la stajeri ni kuongea huku akiandika ubaoni. Aandike, ageuke, ndipo aseme.

Mtoto mwenye ualbino akae mbele lakini asielekee dirisha, mwanga unamuumiza. Aruhusiwe kusogea mpaka ubaoni bila kuomba ruhusa kila mara, na kofia asivuliwe uani. Kwa wote, katika chumba cha mita 8, herufi ndogo kama *a* iwe na kimo cha sentimita 4 hivi. Stajeri wengi huandika sentimita 2 ili somo lote liingie, nusu ya darasa inabaki kunakili kwa jirani. Hizo ndizo J za Yaya.

---

Herufi_na_Lugha:

Nimesahau jambo ambalo kwa mji wetu ni zito. Stajeri anapotafuta kujua lugha za watoto, asiulize mbele ya darasa "wewe ni kabila gani?" Ya mwaka 1992 na 1993, Wakasai (watu wenye asili ya Kasai) walipofukuzwa Katanga, bado yako ndani ya nyumba nyingi, na watoto wanayasikia. Aulize mmoja mmoja, wakati wa kipimo cha kusoma: "Ukiwa na bibi mnaongea lugha gani? Na wenzako uani?" Aandike lugha kwenye daftari lake, si kabila, na daftari lisiachwe mezani. Makundi yasipangwe kwa lugha hata siku moja. Na mtoto akichekwa kwa matamshi, stajeri awe na sentensi tayari, aliyoifanyia mazoezi katika somo dogo, kwa mfano: "Hapa tunacheka pamoja, hatumcheki mtu. Endelea, tunakusikiliza." Asiyefanya mazoezi ya dakika hiyo hunyamaza, na kunyamaza kwake darasa linakuelewa kama ruhusa.

---

Didaktiki_Kampemba:

Nimepanga hivi: wiki kumi za stadi tano kabla ya staji, siku mbili za kwanza za staji kwa kipimo cha kusoma pamoja na E na mnong'ono, kisha saa moja ya makundi kila siku. Fishi ya kawaida nitaiacha ilivyo na kuongeza safu ya tatu. Leo kuna "kazi ya mwalimu" na "kazi ya wanafunzi". Ya tatu itakuwa "nani anaweza kuachwa hapa, na nitafanya nini". Ninachohofia ni mwalimu mwenyeji. Akisema "hapa tunafuata programu", stajeri hana nguvu.

---

Yaya_wa_Mazoezi:

Usimwache stajeri abebe hilo. Nenda wewe kwa direkta wiki tatu kabla, na karatasi moja ya ukurasa mmoja: saa gani ya siku, madarasa gani matatu, nani anashika kundi gani. Omba mwalimu mwenyeji apewe kundi la hadithi au la aya, asipewe la herufi, maana akianza na gumu atachoka mapema. Mwonyeshe matokeo ya kipimo kabla hujamwomba chochote. Akiona kwa macho yake watoto wangapi wa darasa lake wako chini ya maneno, mazungumzo yanabadilika.

Safu ya tatu ya fishi iwe na mistari miwili tu kwa somo, si zaidi. Ukidai tano, watajaza "watoto wadhaifu: nitawasaidia" mpaka chini. Katazeni hilo neno "nitawasaidia". Waandike kitendo chenye dakika: "dakika ya 10, benchi la nyuma, ardwazi juu, naangalia *ou*".